Mpelelezi niliyemlipa anataka kumfuata mtunza depo wangu hadi nyumbani kwake: sheria inamruhusu kufika wapi?

Simenti_Kampemba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, wakubwa. Nina depo ya simenti na mabati hapa Kampemba, Lubumbashi, nchini Kongo, na kwa miezi mitatu mfululizo hesabu imekataa kukaa sawa. Mwezi wa kwanza ilipungua mifuko 40, wa pili 65, na huu uliopita 58. Ufunguo tunaushika watu wawili, mimi na mtunza depo, kijana niliyekaa naye miaka sita na ambaye mke wangu ndiye aliyemsimamia siku ya ndoa yake. Mtaelewa kwa nini sikukimbilia polisi.

Rafiki mmoja akanipeleka kwa bwana anayejiita mpelelezi wa kibinafsi. Ana kadi iliyochorwa jicho, ana gari la vioo vyeusi, na anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Tumepatana dola 400, na 200 nimekwisha kumkabidhi. Ameniahidi mambo matatu: kunipatia orodha ya simu zote ambazo kijana wangu amepiga na kupokea tangu mwezi uliopita, kuingia kwenye kiwanja chake kule Katuba wakati hayupo na kupiga picha chumba cha nyuma, na mwisho, iwapo hayo mawili hayatatosha, kumchukua usiku mmoja na vijana wake na kumpeleka kwenye nyumba fulani "wakazungumze".

Hilo la tatu nimelikataa papo hapo. Kwa hayo mawili ya kwanza bado nasita. Mimi naona kwamba huyu si askari wala mtumishi wa Serikali, na kwa hiyo masharti yanayomfunga askari hayamfungi yeye. Kisichokatazwa kimeruhusiwa. Kama nimekosea, nionyesheni mpaka uko wapi.

Maitre_Ruashi

Ndugu Simenti, asante kwa kueleza wazi. Umekosea, na kosa lako ni la watu wengi. Wewe unadhani kwamba mtu asiye askari ana uhuru mkubwa kuliko askari, kumbe ni kinyume chake: askari amepewa na sheria ruhusa chache ambazo raia hana, na huyo bwana wa jicho, hata avae koti la aina gani, ni raia.

Nianze na hilo la tatu, kwa sababu umelikataa lakini bado unaendelea kumlipa mtu aliyelitamka. Kifungu cha 67 cha Kanuni ya Adhabu, ambayo ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, kinatoa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 5 kwa yeyote ambaye kwa nguvu, kwa hila au kwa vitisho amemteka, amemkamata au amemzuia mtu bila haki. Soma vizuri: kinamtaja pia aliyesababisha mtu atekwe, akamatwe au azuiwe. Mtu huyo ni wewe mwenye dola 400. Na kama aliyezuiwa ameteswa mwilini, adhabu inapanda hadi miaka 5 mpaka 20.

Kuhusu kiwanja cha Katuba, ibara ya 29 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba makao ya mtu hayaingiliwi wala kupekuliwa ila kwa namna na kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Kuhusu orodha ya simu, ibara ya 31 inalinda maisha ya faragha pamoja na siri ya barua, ya simu na ya mawasiliano ya kila aina. Juu ya hiyo kuna sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na kuna Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inashughulikia data za watu binafsi pamoja na makosa ya mitandaoni. Orodha hiyo haiuzwi dukani. Akiipata, ameipata kwa kumhonga mtu.

Kijana_wa_Katuba

Mzee Simenti, mimi naishi Katuba na ninaomba kuuliza jambo moja la hesabu kabla hatujafika kwenye sheria. Mifuko 58 ya kilo 50 ni karibu tani 3. Huyo kijana wako ameificha tani 3 ya simenti katika chumba cha nyuma, kwenye kiwanja ambacho hapana shaka kina wapangaji watatu, na mama muuza makala (makaa) mlangoni hajaona kitu? Katuba hata ukinunua godoro jipya, jirani anakuja kukupongeza kabla hujalitoa kwenye mkokoteni. Mlipe mama wa makala dola 5, uokoe 395.

Mzee_OPJ_Mstaafu

Salamu kwa wote. Nilikuwa ofisa wa polisi ya mahakama kwa miaka mingi, na hao wapelelezi wa kadi nimewaona wakiletwa ofisini mara nyingi, wengine wakiwa wateja wangu na wengine wakiwa washitakiwa.

Maître, yaani wakili wetu wa Ruashi, amesema kweli, lakini ameacha mlango mmoja ambao wapelelezi hupenda kuutumia, na ni afadhali tuuelewe. Kifungu cha 6 cha Kanuni ya Mwenendo wa Mashitaka, dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, kinampa mtu yeyote haki ya kumshika mhalifu aliyefumwa katika tendo, ikiwa kosa lenyewe linaadhibiwa kwa kifungo cha miaka 3 au zaidi na ikiwa hakuna ofisa karibu. Wizi usiotumia nguvu, kwa kifungu cha 80 cha Kanuni ya Adhabu, unaweza kufika miaka 5. Kwa hiyo kama mpelelezi wako anamkuta mtu anapakia mifuko yako kwenye gari saa nane za usiku, anaweza kumshika.

Lakini sentensi haikuishia hapo. Inamtaka amfikishe mara moja mbele ya mkubwa wa sheria aliye karibu zaidi. "Mara moja" haina maana ya baada ya kumhoji, wala baada ya kumpiga picha akiwa amepiga magoti. Nilimpokea siku moja kijana aliyeshikwa saa tano za usiku na kuletwa kwangu saa nne za asubuhi. Nilipouliza hizo saa kumi na moja zilipita wapi, mpelelezi alijibu kwamba walikuwa wanatafuta usafiri. Nilimwandikia PV, yaani hati ya maelezo ya kosa, yake yeye kwanza.

MwanafunziWaSheria

Mzee, naomba kurekebisha kidogo kwa heshima. Mtunza depo amekabidhiwa mali. Kama ameitumia au ameiuza, hilo ni kuvunja uaminifu, kifungu cha 95, wala si wizi wa kifungu cha 80.

Mzee_OPJ_Mstaafu

Mwanangu, wewe umesoma vizuri lakini hujashika funguo za depo. Aliyekabidhiwa kulinda mlango si lazima awe amekabidhiwa mali iliyo ndani. Tulibishana juu ya hilo na magistra wa parke, ofisi ya mwendesha mashitaka, tangu hujazaliwa, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Kwa vyovyote, cha 95 nacho kinafika miaka 5.

Mama_wa_Kalubwe

Hamjambo. Nimesoma kimya, lakini jambo hili limenigusa mwilini. Mwaka juzi nilianza kuona manseba (dereva wa pikipiki ya kukodi) mmoja mwenye kofia ya njano kila nilipotoka. Nikienda sokoni, yuko ng'ambo ya barabara anafuta pikipiki. Nikienda kwa dada yangu Kamalondo, yuko pembeni ananunua mandazi. Siku ya tisa nilimwita nikamwambia, "Baba, kama unataka kunipakia, nipakie, lakini usinifuate bure." Aliondoka kwa kasi hadi kofia ikamwanguka.

Baadaye nikajua kwamba mume wangu alikuwa amemlipa mtu, na huyo mtu ndiye aliyemkodi manseba. Picha zilifika. Mwanamume niliyeonekana naye mara nne katika picha hizo alikuwa mdogo wangu wa baba mmoja, ambaye mume wangu alikuwa hajamwona tangu mazishi ya mama. Picha zilikuwa zimetumwa tayari kwenye kundi la WhatsApp la familia, na chini yake yameandikwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Mume wangu aliomba radhi. Mpelelezi hakuomba.

Swali langu kwa Maître: kunifuata barabarani siku tisa ni kosa, au barabara ni ya wote?

Maitre_Ruashi

Pole sana, Mama. Barabara ni ya wote, na kumtazama mtu mahali pa watu wote, peke yake, ni vigumu kusema ni kosa la jinai. Hapo ndipo wapelelezi wanapopata chakula chao cha halali. Lakini kundi la WhatsApp ni jambo lingine. Kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu, kwa siku 8 hadi mwaka 1, yule ambaye kwa ubaya na mbele ya watu amembandika mtu tendo mahususi linaloweza kumvunjia heshima. Unaweza pia kudai fidia kwa kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha Kanuni ya Raia: aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, airekebishe.

MwanafunziWaSheria

Kwa kuwa tumefika kwenye ndoa, niongeze hili, maana kazi nyingi za wapelelezi wa mji huu ni za fumanizi, si za simenti. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, jinsi ilivyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaadhibu uzinzi kwa miezi 6 hadi mwaka 1. Sasa rudini kwenye kifungu cha 6 alichotuletea Mzee. Kinataka kosa la miaka 3 au zaidi. Kwa hiyo mpelelezi anayevunja mlango wa chumba cha wageni na kuwashika watu wawili waliofunikwa shuka hana haki ya kuwashika hata kama amewafuma kweli. Zaidi ya hayo, mashitaka ya uzinzi huanza kwa malalamiko ya mume au mke aliyekosewa. Mpelelezi si mume wala mke wa mtu yeyote chumbani mle.

Kijana_wa_Katuba

Labda kama amefika kwa kazi akamkuta wa kwake.

Fundi_Simu_Carrefour

Ndugu zangu, mimi natengeneza simu na nitasema ukweli kwa sababu hapa hatujuani kwa nyuso. Katika mwezi siwezi kukosa watu wawili au watatu wanaoleta simu isiyo yao na kuniomba niweke programu ya siri inayopeleka ujumbe, mahali mtu alipo na sauti zake kwa simu nyingine. Wapelelezi wawili nawajua kwa sura. Mmoja huja na simu ikiwa bado ina joto la mfuko, ananiambia ana dakika 20 kabla mwenyewe hajatoka kuoga.

Mara moja nilikubali. Nilipewa dola 30. Wiki iliyofuata yule mama alikuja mwenyewe dukani kwangu akilalamika kwamba betri inaisha haraka na simu inapata moto, akaniomba nimwangalizie. Nilikaa na simu yake mkononi nikijua ugonjwa wake kuliko daktari. Niliifuta ile programu, nikamwambia ilikuwa virusi, sikumtoza kitu. Tangu siku hiyo nakataa.

Lakini wateja wana hoja ambayo sijui kuijibu. Wanasema: simu niliinunua mimi, risiti ninayo, unite (vocha) naweka mimi. Kwa nini nisijue kinachopita ndani yake?

Maitre_Ruashi

Kwa sababu ulichonunua ni chuma na kioo. Ibara ya 31 hailindi chuma, inalinda siri ya mawasiliano, na mawasiliano yana watu wawili au zaidi. Yule anayeongea na mke wako hakununuliwa simu na wewe.

Kaka_wa_Bruxelles

Salamu kutoka ugenini. Naona mnapapasa gizani kwa jambo ambalo wengine walikwisha kuliandika. Hapa Ubelgiji kulikuwa na sheria ya tarehe 19 Julai 1991 juu ya kazi ya upelelezi wa kibinafsi: ilimtaka mtu awe na kibali cha Waziri wa Mambo ya Ndani, ikamkataza kupiga picha watu walio mahali pasipo pa wazi bila ridhaa yao, na ikamkataza aliyekuwa polisi kuingia kazi hiyo kabla ya miaka 5 kupita. Mzee OPJ, ungelazimika kusubiri. Mwaka 2024 wameandika sheria mpya kabisa. Kwa kuwa kanuni zetu zilitoka huku, nadhani jaji wa Lubumbashi anaweza kuitumia hiyo sheria.

MwanafunziWaSheria

Hapana, kaka. Kanuni ya Adhabu ilitoka huko kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Sheria ya 1991 ilipigiwa kura na bunge ambalo halina wabunge wetu. Unaweza kuisoma ili upate akili, lakini huwezi kumfunga nayo mtu wa Kampemba.

Mzee_OPJ_Mstaafu

Miaka 5 imekwisha kupita, Kaka wa Bruxelles. Nitafutie kazi huko.

Kaka_wa_Bruxelles

Nakubali kurekebishwa. Ila nitaje mifano miwili ambayo inajibu hoja ya kwanza kabisa ya Mzee Simenti. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2001 iliyotarajia kuwapa wapelelezi vibali, lakini sehemu hiyo haikuanza kutumika. Je, hilo liliwafanya wapelelezi wawe huru? Januari 2007 mpelelezi Glenn Mulcaire alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kusikiliza kwa siri ujumbe wa sauti wa watumishi wa jumba la kifalme, kazi aliyokuwa akiifanyia gazeti la News of the World. Hakukuwa na kibali cha upelelezi, lakini jela ilikuwapo. Mwaka 2011 gazeti lenyewe likafungwa.

Mfano wa pili ni Ufaransa, ambako vibali vipo na kuna hata baraza la kuwasimamia. Juni 2021 mahakama ya Versailles iliitoza IKEA ya huko, kampuni ya maduka ya samani, faini ya yuro milioni 1 kwa kuwapeleleza wafanyakazi wake, baadhi ya habari zikiwa zimechotwa kwenye mafaili ya polisi. Walioshitakiwa si wapelelezi peke yao. Aliyetoa fedha alisimama kizimbani pia.

Simenti_Kampemba

Nimerudi. Nimeyasoma yote na usiku sikulala vizuri. Asubuhi nilimpigia yule bwana nikamwambia sitaki orodha ya simu wala mambo ya kiwanja. Alicheka. Akaniambia kwamba nyinyi ni watu wa maneno, kwamba yeye anafanya kazi chini ya kampuni ya ulinzi iliyokubaliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwamba kibali hicho kinafunika kila kitu. Sasa huo nao ni uongo?

Mlinzi_Mkuu

Ndugu Simenti, mimi ni msimamizi katika kampuni ya ulinzi, kwa hiyo hapa nasema ninachokifanya kila siku. Kibali chetu ni cha kulinda watu na mali. Mnatuona getini na filimbi na rungu, na panapohitajika bunduki anakuwepo polisi aliyepangwa pamoja nasi. Kama tungekuwa na mamlaka yote hayo, yule polisi tungemwitia nini?

Hata upekuzi wa mifuko ya wafanyakazi wanapotoka kiwandani tunaufanya kwa sababu umeandikwa kwenye kanuni za ndani za kiwanda na mfanyakazi anaufungua mfuko wake mwenyewe. Akikataa, simvui nguo. Namwita mkubwa wake. Kumfuata Katuba nyumbani kwake hakumo katika mkataba wangu wowote.

Maitre_Ruashi

Naafiki, na naongeza kwamba hata kibali kingeandikwa kwa wino wa dhahabu, waziri hawezi kwa karatasi ya utawala kutoa ruhusa ambayo Katiba imeiweka chini ya sheria.

Mzee_OPJ_Mstaafu

Mimi sikubaliani kabisa na mabwana hawa wawili juu ya suala la kibali. Kwangu kosa la huyo mtu ni kujivika kazi ya umma. Ukimhoji mtu, ukaandika maelezo yake, ukamtaka atie sahihi, ukamwambia "uko chini ya ulinzi wangu", umejifanya ofisa, na hapo ndipo parke ingeanza, si kwenye karatasi za wizara.

MwanafunziWaSheria

Lakini Mzee, kama hakusema kwamba yeye ni ofisa? Kadi yake inasema "mpelelezi". Neno hilo si cheo cha Serikali. Mimi nasema ni raia wa kawaida anayeuza macho yake, na kila kosa litahesabiwa peke yake: mlango kwa mlango, simu kwa simu.

Mzee_OPJ_Mstaafu

Vioo vyeusi vinasema badala yake.

Binti_wa_Golf

Naomba nami niingie, maana mnaongea kama kwamba kazi yenyewe yote ni chafu. Nilifanya kazi miaka mitatu kwa bwana mmoja aliyekuwa akichunguza madai ya ajali kwa ajili ya bima, na katika miaka hiyo hatukuingia nyumbani kwa mtu bila kualikwa. Tulikuwa tunakwenda mahali pa ajali na mita ya kupimia, tunapima alama za matairi, tunawauliza wauzaji wa barabarani waliona nini, tunaandika jina la aliyekubali kutajwa na kumwacha asiyekubali. Tukitaka kujua kama kampuni ipo kweli, tunakwenda kwenye rejista ya biashara, ile ya RCCM iliyoletwa na OHADA, muungano wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, baada ya nchi yetu kujiunga mwaka 2012. Tukitaka kujua kiwanja ni cha nani, tunakwenda kwa konservateri wa hati za ardhi na kulipa kinachotakiwa.

Siku moja mteja alitaka tupate karatasi za hospitali za mtu aliyedai kuvunjika mguu. Bwana wangu alikataa, akasema muuguzi atakayetupa karatasi hizo atavunja siri ya kazi, na sisi tutakuwa tumemsukuma. Badala yake tulisimama kwenye barabara ya umma karibu na kanisa siku ya Jumapili. Yule mtu wa mguu uliovunjika alikuwa anacheza mbele ya kwaya.

Fundi_Simu_Carrefour

Bwana asifiwe, alipona kwa maombi.

Binti_wa_Golf

Ndivyo alivyojitetea.

Simenti_Kampemba

Dada wa Golf, hilo limenisaidia. Lakini hebu tuseme, kwa mfano tu, kwamba ile orodha ya simu amekwisha kuipata na inaonyesha kijana wangu anaongea na mnunuzi wangu kila usiku. Jaji ataitupa?

Maitre_Ruashi

Mimi ningeomba itupwe, na ningeshangaa isipotupwa. Ushahidi uliozaliwa na kosa unanuka kosa.

Mzee_OPJ_Mstaafu

Na mimi nimeona majaji wakiupokea. Katika mambo ya jinai uthibitisho ni huru, na jaji hupima kwa dhamiri yake. Ataupokea, na saa hiyo hiyo mwendesha mashitaka atauliza ulipatikana wapi. Kijana wako atafungwa, nawe utakuwa jirani yake kule jela ya Kasapa.

MwanafunziWaSheria

Na kwenye mahakama ya kazi ni hesabu nyingine. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inakupa siku 15 za kazi tangu ulipojua jambo ili umwandikie mfanyakazi barua ya kumfukuza kwa kosa zito. Mpelelezi akikaa na picha zake miezi miwili akikungoja umalizie malipo, wakili wa kijana atauliza ulijua lini. Nimeona watu wakipoteza kesi kwa sababu ya tarehe, si kwa sababu ya ukweli.

Mama_wa_Kalubwe

Mzee Simenti, wewe hujamuuliza kijana mwenyewe?

Simenti_Kampemba

Mama, swali lako lilinichoma. Jana jioni nilikaa naye kwenye depo na daftari. Hatukuzungumza wizi. Nilimwambia tu tuhesabu pamoja, lori kwa lori, tangu mwezi wa kwanza. Lori mbili zilizofika siku ambayo mimi nilikuwa Kasumbalesa zimeandikwa mifuko 600 kila moja kwa mkono wa shemeji yangu, ambaye siku hiyo nilimwachia ufunguo wangu. Nilisahau kabisa kwamba nilimwachia. Kijana alisema wakati ule rundo la pili la mifuko lilionekana fupi, na kwamba aliogopa kusema kwa kuwa ni ndugu wa Mama mwenye nyumba.

Simtuhumu shemeji. Huenda lori lilifika na upungufu kutoka kiwandani, huenda wapakuzi, huenda ni kijana anayenipeleka njia nyingine. Tangu jana tunaandika namba kwa rangi kwenye kila mfuko wa kumi.

Kijana_wa_Katuba

Ufunguo wa watu wawili umekuwa wa watu watatu. Mama wa makala angekuambia.

Simenti_Kampemba

Nimekubali kuchekwa. Sasa kilichobaki ni dola zangu 200. Je, naweza kumdai?

Maitre_Ruashi

Mlipatana kuhusu nini? Kama mlipatana akae barabarani na kutazama depo, na hakukaa, mdai. Kama mlipatana kuhusu orodha ya simu na kiwanja, mapatano yenye sababu haramu hayana nguvu, kwa hiyo yeye hawezi kukushitaki kwa zile 200 zilizobaki. Lakini nawe ukienda kwa jaji kudai zako, jambo la kwanza utakaloulizwa ni ulikuwa unanunua nini.

MwanafunziWaSheria

Maître, kuna wanaosema fedha irudishwe tu, maana mapatano batili ni kama hayakuwapo.

Maitre_Ruashi

Wapo, na wapo wanaosema aliyechafua mikono yake asisikilizwe. Nimeshinda kesi moja kwa hoja ya kwanza na kupoteza nyingine kwa hoja ya pili.

Simenti_Kampemba

Wakubwa, samahani kwa kurudi usiku huu. Amenitumia ujumbe saa mbili iliyopita. Anasema nisipomalizia dola 200 kabla ya Jumatatu, atakwenda kwa kijana wangu na kumwambia kwamba nilimwagiza amteke. Ameandika "uliniagiza". Mimi nilikataa, na alikuwapo rafiki aliyenipeleka, lakini sasa rafiki huyo hapokei simu.

Mzee_OPJ_Mstaafu

Usiufute ujumbe huo. Usimjibu kwa hasira na usimlipe hata franka. Mwambie kijana wako mwenyewe leo hii, kabla hajaambiwa, yote kama ulivyotuambia sisi, pamoja na ile kadi ya jicho. Jumatatu asubuhi uende parke na simu yenyewe, si picha ya skrini, na uende na Maître.

Maitre_Ruashi

Niandikie kwa faragha. Na risiti ya zile 200, kama alikupa, uje nayo.

Simenti_Kampemba

Alinipa. Ameandika "kwa ajili ya ushauri". Nimekwisha kumpigia kijana, yuko njiani anakuja hapa na mke wake.